Tundu Lililobaki

Jirani yetu hapa mtaani Satellite alikuwa anaziba paa lake juzi. Fundi aliwasha moto uani, akaweka mkebe wa lami juu ya mawe, na ile harufu ikapanda ngazi ikanikuta jikoni nikikata sukuma. Niliweka kisu chini nikakaa. Binti yangu Imani akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni harufu tu, endelea kuchora. Kuna watu ambao harufu ya mkate huwarudisha kwa nyanya yao. Bahati yao. Mimi harufu ya lami hunirudisha Lindi, Kibera, kwenye chumba chetu cha mabati, kwa mtoto ambaye leo angekuwa mwanamke mzima mwenye mdomo kunishinda.

Kama nawe ulikuwa shule ya msingi miaka ile, huenda unaukumbuka ule ujumbe wa simu. Mtambo wa nyuklia ulikuwa umelipuka huko ng'ambo, mbali sana, na ujumbe ukasema sumu yake imepanda mawinguni na inakuja. Mvua ya kwanza isimguse mtu. Itachoma ngozi, itaangusha nywele, mtoto akinyeshewa hatapona. Fungeni milango, zibeni kila mahali, tuma kwa uwapendao. Redioni serikali ilitangaza kwamba ni uongo mtupu, na wengi wenu mlicheka, mkanyeshewa, mkaenda shule kesho yake. Nimeshasikia watu wa rika langu wakiusimulia kama kichekesho kwenye sherehe, nami nikatafuta sababu ya kwenda kuosha vikombe.

Baba alikuwa fundi wa mabati kule Laini Saba, kando ya reli. Alitengeneza majiko, karai, na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Sanduku la baba ungeliacha kwenye mvua, na nguo zikatoka kavu kama zilivyoingia. Hakuwa mtu wa maneno, ila ukimsifu viungo vya mabati yake uso wote ulibadilika. Na hakuwa mjinga, tuelewane hapo. Miaka michache nyuma, wakati wa fujo za uchaguzi, jirani alimnong'oneza kwamba ahamishe vitu vyake karakanani, akampuuza, na karakana ikachomwa pamoja na kila nyundo aliyokuwa nayo. Tangu siku hiyo alikuwa hadharau onyo la mtu. Ujumbe ulipofika, mafundi wenzake wakiusoma kwa kelele na kuchekana, yeye alifunga kazi mapema akarudi nyumbani na mkebe wa lami chini ya kwapa.

"Baba Nasimiyu, si redio imesema ni uongo?" mama alimuuliza.

"Redio ilisema nini wakati karakana yangu ilikuwa inaungua?"

Mama alikuwa anafulia watu nguo kwenye mitaa ya nyumba za mawe upande wa pili wa reli, na huko nako alikuwa amesikia matajiri wake wakilisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Akaondoa vyombo ukutani ili baba apate nafasi.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati makuukuu, yaliyokwisha kuezeka nyumba nyingine kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo yalikuwa na matundu ya misumari kila upande. Asubuhi jua likitoka upande wa bwawa, vidoa vya mwanga vilitapakaa juu ya blanketi, na mimi na mdogo wangu tuligawana: hiki changu, hiki chako. Kimoja changu kiliingilia tundu lililokuwa kando ya mto wangu kabisa. Godoro letu lililazwa chini usiku, nami nikilala ubavu niliweza kuona njia, miguu ya wapita njia, na kuku wa Mama Akinyi wa mlango wa pili. Nilijua watu wa plot yetu kwa viatu kabla ya kuwajua kwa sura.

Kwetu Bungoma mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa. Mimi nilizaliwa kiangazi, naitwa Nasimiyu. Mdogo wangu alizaliwa mvua ikimwagika, akaitwa Nafula. Alikuwa mnene, mcheshi, asiye na aibu hata kidogo, na mimi nilimpenda na kumwonea wivu kwa pamoja. Baba alipoanza kuziba, alianzia upande wa kitanda chao na mama, ambako Nafula alipenda kujipenyeza mchana. Nikafikiri najua kwa nini. Mvua ilikuwa inamtafuta huyo mwenye jina lake. Mimi wa kiangazi ningeweza kungoja.

Alifanya kazi nzuri, huo ndio ukweli na ndio unaoniuma. Alichovya vitambaa kwenye lami ya moto, akavikunja, akavishindilia kwa bisibisi, akapaka tena juu. Tundu moja baada ya jingine, vidoa vyetu vya mwanga vilizimika. Nafula alipiga makofi kila kimoja kilipokufa. Pale paa linapokutana na ukuta, ambapo siku zote upepo uliimba, baba alipakaza nailoni na gunia na kupiga misumari. Mlangoni akakunja gunia lililoloweshwa maji, la kukandamizwa chini. Dirisha letu dogo la mbao akalifunga kabisa. Chumba kikawa na joto la ajabu na ile harufu nzito. Mama akasema, "Sasa hii ni nyumba kweli," na baba akacheka kidogo, kwa sababu ndicho alichotaka kusikia.

Alipofika upande wangu mkebe ulikuwa umekauka. Alikwangua chini kwa kijiti, akapata ya kuziba moja, likabaki lile la kando ya mto wangu.

"Hili nitalimaliza kesho," alisema. "Usiweke uso hapo."

Ni hayo tu aliyosema, na mimi nililala nikiyatafuna. Nyumba nzima imezibwa, kwa Nafula kumezibwa mara mbili, na tundu moja tu limebaki, nalo ni kichwani pangu. Sumu ikija, mlango wake ni huo. Nilikuwa na umri wa kujua kusoma lakini si wa kuelewa kwamba kitu kinaweza kuisha tu kwa sababu kimeisha. Nikaamua baba amechagua. Wale wa rika langu mliokuwa na wadogo wapendwa mtanielewa bila maelezo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba alitoka baada ya chai kwenda Laini Saba kutafuta lami nyingine. Mlangoni alimwambia mama, "Mawingu yakishika, jifungieni. Usimfungulie mtu mpaka mvua iishe. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Nikinyeshewa nitawaletea sumu ndani. Nitangoja huko mpaka mvua ikatike."

Mama alikuwa ameteleka maharagwe nje, kwenye jiko ambalo baba mwenyewe alitengeneza. Mnajua tunavyofanya: jiko huwashwa nje, moshi uende, makaa yakishawiva na kuwa mekundu bila hata uzi wa moshi, hapo ndipo unalibeba ndani. Ni adabu ya kila mama wa Kibera. Mwanamke anayeingiza jiko lenye moshi anaitwa mchafu, anaua watoto kwa kifua. Jiko lisilo na moshi ni jiko safi. Mama alikuwa mwangalifu sana kwa jambo hilo, hata aliinama akalinusa kabla ya kulinyanyua.

Mawingu yalishika mapema mchana huo. Mama alituita, akaingiza jiko na sufuria juu yake, akafunga mlango, akakandamiza gunia la maji kwa mguu. Kisha mvua ikapiga. Aliyeishi chini ya mabati anaijua, huwezi kusikia hata mawazo yako. Tulikuwa gizani, na makaa yakitoa mwanga mwekundu chini ya sufuria, na maharagwe yakianza kunukia. Kwa muda ilikuwa raha, siwezi kukana. Mama alimchukua Nafula kitandani, nyuma ya pazia, akamwimbia kitu cha kwao. Akaniita na mimi.

"Nasimiyu, njoo huku kwenye joto."

"Niko sawa."

"Toka hapo kwenye tundu, baba yako alisema nini?"

Sikutoka. Nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nimevuta godoro nikalala pale pale, uso kwenye bati, kwa sababu ya hasira na pia kwa sababu nilitaka kujua sumu inanukaje. Kama ni kufa basi nife mimi, waone. Niliweka pua kwenye tundu nikavuta. Ilikuwa baridi. Ilinuka vumbi lililolowa, na mtaro, na manyoya ya kuku wa Mama Akinyi aliyejibanza ukutani upande wa pili. Nikavuta tena, nikisubiri kuungua. Nikakata tamaa kidogo kwamba sumu ya dunia nzima haina harufu yoyote.

Baadaye mama akasema kichwa kinamgonga. Nafula akalia kwamba tumbo linamuuma, kisha akatapika kwenye shuka. Mama akaamka kumpangusa, nikamwona anayumba, akashika nguzo ya kitanda.

"Imeingia," alisema. "Mungu wangu, imeingia."

Akaenda mlangoni kwa magoti. Nilidhani anafungua. Alichukua shuka lile lenye matapishi, na khanga yake, na sweta yangu ya shule, akavishindilia vyote chini ya mlango juu ya gunia. Aliziba kila upenyo aliouona, akipapasa kwa vidole kwenye giza kutafuta mahali ambapo upepo unapita, na kila alipougusa upepo aliuziba. Akanitazama mimi na tundu langu. "Weka kidole," aliniambia, sauti imekwisha. "Ziba hiyo na kidole." Niliweka kidole. Mkono ulichoka, au nilisinzia, sijui. Kilianguka. Mama alirudi kwa Nafula, akapanda kitandani, akamkumbatia, na hakusema kitu kingine.

Mimi nilikuwa na kichwa kizito kama jiwe la kusagia, miguu haikuwa yangu. Nakumbuka bati baridi kwenye shavu na mvua ikipungua. Nakumbuka makaa bado mekundu, mazuri, bila moshi. Maharagwe yalikuwa yameanza kuungua na hakuna aliyeyaendea. Nilitaka kumwambia mama.

Baba alikuwa amengoja chini ya kibanda huko Laini Saba mpaka tone la mwisho, wenzake wakimcheka wakikimbia kwenye mvua. Alikuja na lami mkononi. Alibisha. Alibisha tena, akaita majina yetu, langu la kwanza. Nilimjibu lakini sauti haikutoka. Kisha nikaona jicho lake kwenye tundu, karibu kabisa na langu, na jicho hilo sijalisahau. Mlango aliupiga kwa bega na vile vitambaa vya mama vikaukatalia, kwa hiyo akapachika mtaimbo wa jirani kwenye bati la kando yangu, akaling'oa kama anavyofungua kopo.

Alitutoa nje akatulaza kwenye tope. Nilipiga kelele. Si kwa ajili ya Nafula, nilikuwa bado sijamwona. Nilipiga kelele kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yananigusa mgongoni na nilijua nitaungua. Mama Akinyi alikuja mbio, wengine walisimama mbali wakiziba pua kwa nguo, maana habari ya sumu walikuwa nayo. Mama alikuwa anakoroma kwa shida. Nafula alilala kwenye dimbwi, na midomo yake ilikuwa mekundu mno, rangi nzuri kuliko siku zote, nikafikiri kati yetu sote yeye ndiye mzima.

Kwenye zahanati, mwanamke mwenye koti jeupe alimtazama Nafula kidogo tu. Kisha akamgeukia baba.

"Mlikuwa na jiko ndani?"

"Ndiyo, lakini halikuwa na moshi, daktari."

"Mlango ulikuwa wazi? Dirisha?"

"Hapana. Niliziba," baba akasema. "Niliziba kila mahali. Hakuna upepo ungeingia."

Alilisema kwa sauti yake ya karakanani, ile ya kumhakikishia mteja. Yule mwanamke alimtazama tu, na mimi niliyekuwa kwenye benchi nikiwa nimefungwa blanketi nilimwona baba akilisikia neno lake mwenyewe. Mkebe wa lami ulikuwa mkononi mwake tena, sijui aliuokota saa ngapi. Hakuna aliyekuwa amemwambia auweke chini.

Nafula tulimpeleka Bungoma. Kule kijijini watu walisema ni ile sumu ya ng'ambo, mhubiri akaihubiri juu ya kaburi, akawalaani wazungu na mitambo yao, na baba akainamisha kichwa. Mama pia alikuwa hapo, bado akishika ukuta akitembea, naye alikuwa ameambiwa ukweli hospitalini. Alimtazama baba muda wote wa mahubiri. Matanga yalipokwisha alikataa kurudi Nairobi. Hakumtukana, hakumwacha kwa kelele, alisema tu hawezi kulala tena ndani ya kitu alichokiziba yeye. Amebaki huko mpaka leo, na mlango wake haufungwi hata wakati wa baridi.

Mimi nilirudi na baba kwa sababu ya shule. Na mimi nilikuwa na elimu yangu mwenyewe. Niliamini sumu ilipita kwenye tundu langu, ikaniruka, ikamfuata mwenye jina la mvua. Siku ya kwanza tuliporudi Lindi, nilichukua kipande cha sabuni, nikakilainisha kwa mate, nikaliziba lile tundu kwenye bati ambalo baba alikuwa amelirudishia. Baba alinikuta nikilipapasa. Aliuliza nafanya nini, nikamwambia namalizia.

Hakunigombeza. Alichukua msumari mrefu na nyundo, akaitoa ile sabuni kwa pigo moja. Kisha akaenda kwenye tundu linalofuata, lile aliloziba kwa lami, akaligonga. Na linalofuata. Alizunguka nyumba nzima akigonga, akang'oa gunia na nailoni, akafika penye kitanda na hapo alipigapiga mahali ambapo hapakuwa na tundu tangu mwanzo, bati likawa chujio. Majirani walitoka wakasimama. Mama Akinyi alimwita kwa jina la mtoto aliyemzika, akamwambia, "Baba Nafula, imetosha." Hakuacha mpaka mkono ulipokataa. Vidoa vya mwanga vilirudi vyote juu ya godoro, na vingine vipya, na hakukuwa na mtu wa kugawana naye.

Tulihamia Kawangware muda mfupi baadaye. Kila nyumba tuliyoingia huko, kabla ya kupanga vyombo, baba alitoa nyundo. Tumefukuzwa na wenye nyumba kwa ajili hiyo. Nilisoma madaftari yakiwa na madoa ya maji, nililala na kofia, na nilimchukia kwa hayo bila kuelewa, mpaka darasani mwalimu wa sayansi akatufundisha kuhusu makaa na hewa yake yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilikaa nyuma ya vyoo nikakumbuka pua yangu kwenye lile tundu baridi, nikivuta na kuvuta, nikiwa nimenuna.

Basi sasa kuna vita huko mbali, na watu wanatishiana kwa mabomu ya nyuklia, na ujumbe umerudi, safari hii kwa video na muziki wa kutisha. Mume wangu, Baba Imani, ameuamini nusu. Jumapili hii baba alipokuja kunywa chai, alikuta meza imejaa nailoni na selotepu.

"Hii kitu si mchezo, mzee," Baba Imani akamwambia. "Zikirushwa, upepo hauna mpaka. Mi naseal madirisha yote. Huwezi jua."

Baba aliigusa selotepu, akaijaribu kwa kidole kama fundi anavyojaribu kitu.

"Mnapikia nini?"

"Gesi."

"Ikiisha?"

Baba Imani akanitazama. "Si kuna jiko hapo kwa balcony."

"Sisemi usifunge," baba alisema. "Kinga watoto wako. Lakini siku hiyo mle mkate. Chai baridi. Moto usiingie humu, hata kama hauna moshi. Hasa kama hauna moshi." Kisha, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akamweleza mtu mwingine kilichomuua Nafula. Hakutaja ng'ambo. Alisema, "Ni mimi niliziba."

Baba Imani alizikusanya zile nailoni polepole akazitoa mezani. Nilimsindikiza baba mpaka stejini, na njiani nikamuuliza nililobeba tangu utoto. Nilimuuliza kwa nini lile la kwangu ndilo lililobaki. Nilitaka aseme kitu, nakiri. Nilitaka aseme moyo ulimwambia aliache.

"Lami iliisha," alisema. "Na nilikuwa nimepata nyingine. Nilikuwa nayo mkononi, narudi kuliziba."

"Nini kilikuzuia?"

"Ile mvua."

Alisimama kidogo, akanitazama usoni, pale puani, kama anayepima.

"Ingechelewa kidogo tu, ningefika," akasema. "Na la kwako ningeliziba vizuri sana."